Yowe la Gal Costa

Wapenzi wa bosanova, muziki mtulivu wa Brazil, wana lalamiko lao juu ya mwimbaji Gal Costa, na si la kupuuzwa. Binti huyu wa mji wa Salvador, jimbo la Bahia, alianza mwaka 1967 na albamu ya Domingo pamoja na mwimbaji mwenzake Caetano Veloso, akiimba taratibu kama anayebembeleza mtoto. Mwaka 1969 ikatoka albamu iitwayo Gal: gitaa la umeme la Lanny Gordin linanguruma, mwimbaji anapiga mayowe. Amemwiga Janis Joplin, mwimbaji wa roki wa Marekani, husema walalamikaji, na kuichezea sauti aliyojaliwa. Gitaa la umeme lenyewe lilikuwa na kesi: lilionekana ni la kigeni. Julai 1967 wanamuziki waliandamana São Paulo kulipinga, mwimbaji Elis Regina akiwemo, na Gilberto Gil, rafiki wa Caetano, pia (ambaye miezi mitatu baadaye alipanda jukwaani na bendi ya roki ya Os Mutantes na gitaa lao la umeme!).

Nakubali, wimbo wa mwisho, Pulsars e Quasars, unachosha masikio. Na harufu ya Joplin ipo.

Ila mwaka wenyewe ulikuwa upi? Tarehe 13 Desemba 1968 wanajeshi waliokuwa madarakani Brazil walitoa AI-5, amri iliyobana uhuru wa raia. Bunge likafungwa, wakaguzi wa nyimbo na maandishi wakapewa meno. Wiki mbili baadaye Caetano na Gil walikamatwa, na Julai 1969 wakaenda uhamishoni London. Gal akabaki Brazil na tungo zao. Maneno yalipita mezani kwa mkaguzi. Yowe je, angelipigia mstari wapi?

Sikiliza Meu Nome é Gal (Jina Langu ni Gal) katika albamu hiyo ya 1969, utunzi wa Roberto na Erasmo Carlos. Unaanza kama wimbo wa mapenzi wa redioni. Katikati Gal anaacha kuimba, anajitambulisha: jina, miaka 24, alikozaliwa, kwamba anamwamini Mungu, anapenda dansi na sinema. Kisha anataja anaowahusudu, Caetano na Gil wakiwa wa kwanza. Watu waliofukuzwa nchini wanatajwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama majirani. Kisha yowe, linalopanda na kukwaruza bila kupoteza noti. Pumzi ya namna hiyo hutoka kwenye mazoezi yaleyale ya kuimba taratibu.

Kama sauti iliharibika, basi albamu ya Fa-Tal ya 1971, iliyorekodiwa mbele ya watu, haielezeki. Nusu ya kwanza karibu yote ni Gal na gitaa lake tu, laini kama zamani. Lanny anaingia baadaye.