Maneno ya Wamarekani Weusi: nani anavuna, nani anahukumiwa

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo la Louisiana, Marekani, ilikataa kusikiliza ombi la mwanamume Mweusi aliyelalamika kwamba polisi waliendelea kumhoji ilhali amekwisha kudai wakili. Aliwaambia kwamba kama wanadhani ametenda kosa, ingawa anajua hakulitenda, basi kwa nini wasimpe wakili, "dawg". Vijana wa Dar es Salaam wangesema "mwanangu" au "mshkaji". Kwenye karatasi za kesi neno hilo likawa "dog", mbwa, na Jaji Scott Crichton akaandika kwamba kutaja "lawyer dog" ni kauli yenye utata, haihesabiki kuwa ni kuomba wakili.

Wapo wanasheria waliosema kikwazo hakikuwa neno hilo bali ile "kama" ya mwanzo, kwa sababu sheria ya Marekani inataka ombi la wakili liwe bayana. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo ni jaji mwenyewe aliyeliingiza neno lile katika maoni yake kana kwamba halieleweki, wakati tangu mwaka 2002 mamilioni ya Wamarekani walikuwa wakimsikia Randy Jackson akilitumia kila wiki kwenye shindano la uimbaji la runinga, American Idol. Sebuleni lilikuwa burudani. Kituo cha polisi likageuka fumbo.

Mjadala kuhusu misimu ya Wamarekani Weusi huishia kwenye swali la nani ana ruhusa ya kuisema. Wanaotetea uhuru wa kuazima wana historia upande wao. Mwaka 1938 mwanamuziki Cab Calloway alichapisha mwenyewe kamusi ya misemo ya wanamuziki wa Harlem, mtaa wa watu Weusi jijini New York, watu wa nje waisome na waitumie. Mwaka 1942 Zora Neale Hurston aliandika hadithi kwa lugha ya mitaa hiyo hiyo na kuiambatanisha na faharasa. Hao hawakuporwa, walifungua mlango kwa fahari. Na hakuna lugha iliyowahi kuzungushiwa uzio ikadumu. Kiingereza cha Marekani, kuanzia "cool" ya wanajazi, kimejaa fikra za watu Weusi kiasi kwamba kuzing'oa ni kukibomoa.

Tena sanaa hii inavutia kwa haki yake. Kuna mchezo wa vijana kutupiana kejeli za kumtaja mama wa mwenzake, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kuna usemi wa pembeni, ambapo maneno yanaelekezwa kwa huyu ili yamchome yule. Aliyekulia kwenye mipasho ya taarabu hahitaji kufafanuliwa. Chombo cha ufundi huo ni lugha yenye sarufi yake, jambo ambalo mwanaisimu William Labov alilionyesha tangu miaka ya 1960. "He working" ni "anafanya kazi", sasa hivi. "He be working" ni "hufanya kazi", ndiyo desturi yake. Sisi tuna "hu-" na hatuoni ajabu. Mtoto Mweusi wa Philadelphia akitumia "be" yake huambiwa hajui kusema.

Upande wa pili una majeraha ya kweli. Mwaka 2014 msichana wa miaka 16 anayejulikana kama Peaches Monroee alijirekodi akizisifu nyusi zake kuwa ziko "on fleek", yaani zimependeza kabisa. Muda si mrefu migahawa ya IHOP ikatangaza kwamba chapati zake nazo ziko hivyo. Hakulipwa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi neno wala kifungu kifupi cha maneno, na nadhani ni sawa isilinde, maana tungeishia kulipia salamu. Ila sheria kunyamaza hakumzuii mfanyabiashara kumtaja aliyebuni au kumpa kazi.

Kisa cha "woke" kinaniuma zaidi. Mwaka 1938 mwanamuziki Mweusi Lead Belly, baada ya kuimba juu ya vijana tisa Weusi walioshtakiwa kwa uongo wa ubakaji huko Alabama mwaka 1931, aliwaasa wenzake wanaopita jimbo hilo wakae macho, "stay woke". Lilikuwa onyo la kuokoa roho. Baada ya polisi kumuua Michael Brown mjini Ferguson mwaka 2014 likarudi na uzito ule ule. Kufikia 2022 jimbo la Florida lilikuwa na sheria iliyojipachika neno hilo ili kubana mafunzo kuhusu ubaguzi kazini na shuleni. Maneno hubadilika maana, hilo halina ubishi. Lakini hapa onyo la wanyonge limegeuzwa rungu la kuwapigia.

Nasi tumo. Vijana wa Nairobi na Dar hupokea maneno haya kupitia simu na hip hop, wakidhani ni lugha ya TikTok au ya kizazi kipya tu. Sioni dhambi kuyatumia, ila mtu ajue yametoka kwa nani.

Ndiyo maana mimi sitaki nguvu zote ziishie katika kuwakemea wanaoazima. Mwaka 2019 jarida la Language lilichapisha utafiti uliowapima makarani 27 wa mahakama za Philadelphia, watu wenye vyeti vya usahihi wa asilimia 95. Waliposikilizishwa Kiingereza cha Wamarekani Weusi, karibu sentensi 4 katika kila 10 walizinakili na makosa. Karani akikosea, kosa lake ndilo linalobaki kuwa ushahidi rasmi, na jaji wa rufaa husoma karatasi, hasikii sauti. Mitihani inayotoa vyeti hivyo inaweza kuwekewa sauti za wasemaji hawa, na mahakama zinaweza kuajiri wakalimani wanaoijua lugha yao kama zinavyofanya kwa Kihispania.