"Sasa anakula nini, maskini?"

Mtu akisikia mwanangu hagusi ngano, swali ni lilelile. Juzi niliulizwa nikiwa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, nimesimama kati ya mikungu ya ndizi, mafungu ya viazi vitamu, magimbi na maparachichi. Nilitamani kumshika muulizaji mabega nimgeuze atazame mwenyewe.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi kumi. Kila alipoonja chapati alitoka vipele na midomo ikamvimba, mpaka daktari akathibitisha kuwa ni mzio wa ngano. Tangu hapo nimegundua kwamba chakula cha kumshikisha mtoto mkononi si shida. Shida ni sisi wakubwa. Mtoto akilia kwenye daladala, abiria wa jirani anatoa biskuti. Dukani anapewa andazi, kanisani kuna kipande cha keki kimefungwa kwenye leso. Mapenzi yetu kwa watoto tumeyakanda kwa unga wa ngano. Na ngano yenyewe sigombani nayo, inalimwa hapahapa West Kilimanjaro. Nagombana na mazoea.

Chukua ndizi mshare. Imenye, ichemshe mpaka uma uingie bila kusukuma, kisha ipasue kwa urefu upate vipande kama kidole cha mtu mzima. Mtoto anakamata kwa ngumi, ncha inabaki nje, anatafuna taratibu. Viazi vitamu vinakwenda vivyo hivyo. Parachichi linateleza, kwa hiyo mimi huviringisha vipande vyake kwenye unga wa ulezi uliokaangwa mkavu.

Kilichonitoa jasho ni chapati ndogo za ulezi. Mara ya kwanza zilisambaratika kikaangoni zikawa kama mchanga. Ngano ina gluteni, ndiyo inayoufanya unga uvutike na kushikana. Ulezi hauna, mchele hauna, mahindi hayana. Lazima utafute gundi nyingine. Sasa naponda ndizi mbivu moja, natia yai moja na vijiko vitatu vya unga wa ulezi, naacha dakika kumi unga unywe maji. Nazipika ndogo, upana wa kifuniko cha chupa ya chai, moto mdogo, na sizigeuzi mpaka kingo zikauke. Ukiwa na haraka, usizijaribu.

Vitumbua ndiyo mkombozi wa safari. Mchele ulale kwenye maji usiku kucha, usagwe na tui, hamira na iliki, sukari kidogo au usitie kabisa. Ila vya barabarani uliza kwanza: wapo wanaoongeza ngano ili vishikane, na mafuta huenda yalishakaanga maandazi asubuhi.

Maana ngano hujificha. Kababu na katlesi huwekewa mkate au chenga zake. Unga wa lishe unaweza kuwa na ngano ndani, na jina "lishe" linatufanya tusisome maandishi madogo ya pakiti. Mimi nanunua ulezi, naupeta na kuuosha, nauanika, kisha napeleka kwenye mashine isiyosaga ngano. Jirani ananiona nina makuu. Sawa.

Karanga nzima simpi, zinapalia, namsagia. Na anakula amekaa, si akikimbia.

Mama mkwe wangu wa Kibosho alikasirika mwanzoni. "Mnamnyima mtoto chakula kwa mambo ya daktari! Mimi nimelea saba kwa mtori na kiburu, na wote wazima." Nikamwambia, "Mama, kwenye mtori kuna ngano? Kwenye kiburu je?" Akanyamaza, akahesabu kichwani, ndizi, nyama, maharage, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi ndiye askari wangu. Mtu akinyoosha mkono wenye biskuti, anaudaka kabla mimi sijageuka, halafu anaila yeye.

Miezi miwili ijayo mjukuu wake anatimiza miaka miwili, na nimeshaulizwa keki itakuwaje. Itakuwa mkate wa kumimina: mchele, tui, mayai na sukari. Shangazi yake wa Tanga anakuja na sufuria yake mwenyewe, anasema zangu haziaminiki.