Nambari 4,294,967,297 Ipelekwe Darasani

Jumamosi moja nilikaa mezani na binti wa jirani yangu hapa Umoja, nikamwandikia 4,294,967,297 nyuma ya daftari lake na kumwuliza kama ni nambari tasa, yaani isiyogawika bila salio ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alifanya kama alivyofundishwa: si shufwa, haiishii kwa 0 wala 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawiki kwa 3. Akajaribu 7, 11 na 13, kila mara akabakiwa na salio, kisha akaweka penseli chini na kusema, “Ni tasa, Mwalimu.”

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini vivyo hivyo mwaka wa 1640. Alikuwa amechukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 (kipeo cha 4, kwa mfano, ni 2 × 2 × 2 × 2), akaongeza 1 kila mara, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Akaona kwamba ile ya kipeo cha 32, yaani hii ya daftarini, pamoja na zote zitakazofuata, zingekuwa tasa pia. Mwaka wa 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Hadi leo hakuna tasa ya sita ya aina hiyo iliyopatikana.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi 641 inavyopatikana bila kubahatisha. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha nambari hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linafagia karibu tasa zote ndogo, zikabaki 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe: jaribio la tano tu, kazi ya penseli na nusu saa ya utulivu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba nambari hii ifundishwe katika shule zetu za sekondari. Tumewazoesha wanafunzi kutazama nambari nne zilizopangwa, kutaja ya tano na kupewa alama, bila mtu kuwauliza kwa nini mpangilio huo uendelee. Hapa mpangilio ulishika mara tano mfululizo, mbele ya mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, na bado ukavunjika. Sioni mfano mwingine unaoonyesha tofauti ya mifano na uthibitisho kwa hesabu ambayo mtoto anaweza kuikagua kwa mkono wake mwenyewe.

Binti yule aligawanya kwa 641, mstari baada ya mstari, hadi ukingo wa ukurasa. Salio lilipokuwa sifuri alinyamaza kidogo, akaizungushia duara 6,700,417, akaniuliza, “Na hii je, tutajuaje kama ni tasa?”