Seti tano na fedha za Billie Jean King

Kila mjadala wa zawadi sawa katika tenisi unapozuka, hoja ni ile ile: wanaume hucheza hadi seti tano (seti ni sehemu ya mechi), wanawake tatu, iweje walipwe sawa? Hoja hii ina uzito. Katika mashindano makubwa manne, wanaume kweli hukaa uwanjani muda mrefu zaidi. Wengine husema soko liamue: anayevuta watazamaji alipwe zaidi.

Lakini tuitazame Roma. Mwaka 1970 Billie Jean King, mchezaji tenisi wa Marekani, alitwaa huko ubingwa wa Italia akapewa dola 600. Bingwa wa wanaume, Ilie Năstase, akapewa 3,500. Karibu mara sita! Mwaka 2023, mashindano hayo hayo, wanaume na wanawake wote wakicheza seti zisizozidi tatu, fungu la zawadi za wanaume bado lilizidi la wanawake zaidi ya mara mbili. Ikiwa seti ndizo zinazolipiwa, ziada hiyo ililipia nini?

Soko nalo King hakulikimbia. Septemba 1970 waandaaji wa Los Angeles walimtengea bingwa wa wanaume dola 12,500 na wa wanawake 1,500. Yeye na wenzake wanane wakasaini mkataba wa dola moja moja na Gladys Heldman, mchapishaji wa jarida la tenisi, wakaenda kucheza mashindano yao wenyewe Houston huku wakijua wanaweza kufungiwa na chama cha tenisi cha Marekani. Mwaka uliofuata King akawa mwanamichezo wa kwanza wa kike kupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Ni kweli, mdhamini wao mkuu alikuwa kampuni ya sigara, na wanaolikosoa hilo wana haki. Ila wanawake hao walilijenga soko lao wenyewe, tena kwa kuhatarisha riziki zao.

Tena King alizikubali seti tano. Pambano lake na Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa wanaume, Septemba 20, 1973, lilipangwa kwa seti hizo: wa kwanza kupata tatu ndiye mshindi. Akashinda 6-4, 6-3, 6-3. Kuanzia 1984 hadi 1998, fainali ya mashindano ya wanawake ya kufunga msimu ilichezwa kwa mfumo huo huo, nao wakaumudu. Idadi ya seti huamuliwa na waandaaji. Anayeona tano ndizo zinazostahili fedha kamili, madai yake ayapeleke kwao, asimkate mchezaji malipo.