Shefu Juuyanini

Bon, juu kontabli wetu amesha kufikisha mpaka Likasi hii habari asema nililia na nikapiga magoti ku kazi, muache niseme mwenyewe. Sikulia. Ilikuwa unga mu macho. Mutu yeyote mwenye anatumikaka mu bulanjeri anajua unga inaingiaka mu macho, na macho inatoa maji, ni kitu ya mwili tu. Na hakuna mutu alipiga magoti. Ile ya magoti kontabli ameongeza yeye, njo vile anaongezaka, bahati tu haongezi mu hesabu ya mushahara.

Munakumbuka ile formasio ya kuongoza batu, ile yenye nilitia mapicha, mi na baji ku shingo, mkaniandikia "félicitations shefu"? Njo ile ilinimaliza.

Formateri alituelezea habari ya muzee mumoja wa Japani, Taiichi Ohno, wa Toyota. Ule muzee mashini ikisimama hatafuti fundi kwanza, anauliza juu ya nini, unamujibu, anauliza tena, mpaka mara tano. Mashini imesimama juu ya nini? Fuzibule imeungua, muzigo ilizidi. Ilizidi juu ya nini? Beringi ilikosa mafuta. Juu ya nini? Pompi haivute mafuta muzuri. Juu ya nini? Chuma yake ya katikati imekulika. Juu ya nini? Haina filtri, tuchuma tudogo tunaingia. Sasa wewe ungebadilisha fuzibule, ukaenda kulala, kesho inaungua tena. Mi nikasema mu roho, eeh, hii akili, sisi tunabadilishaka fuzibule tangu tuzaliwe.

Kiisha akasema ule Ohno alikuwa anachora duara ku chini na choki, anasimamisha shefu mu kati, asitoke, aangalie tu kazi vile inaenda, ata masaa mingi. Iyo pia nikaandika. Inaonekana kulikuwa na fasi ingine, asema usitafute mutu, tafuta kazi inaharibikia wapi, na mambo ya haya usiulizie mutu mbele ya batu. Ile fasi sikuisikia. Nilikuwa ku foleni ya sambusa.

Jumatatu sasa. Bamama ba mikate banafikaka na baseni zao kukingali giza, banachukua banakimbia soko ya Kenya mbele ya batu kunywa chai. Ile Jumatatu jua ilitoka, batoto banapita na inifomu, mikate hakuna. Bamama bamejaa ku kilango ya chuma, banaimba majina yangu, na siyo mu ibada. Shefu ya kawaida angekimbia kutafuta suluhu. Mi nikasema hapana, leo tunafanya metodi. Nikaita ekipi yote. Nikachukua choki, nikachora duara katikati ya atelye, nikaingia mu kati. Mwenyewe! Hakuna mutu alinisukuma!

Na pale pale Mama Patro, mwenye bulanjeri, akaingia. Akasimama pembeni ya mifuko ya unga, sakoshi ku mukono, ananyamaza tu. Wandugu, nilifurahi. Nikasema asante Mungu, amefika saa yenyewe, leo ananipandisha.

Nikaanza na Papa wa petreni, ile mashini ya kukanda unga. Ule papa alianza kazi pale mi ningali nabebwa ku mugongo, na anaijua kuliko mwenye aliitengeneza. Nikamuuliza na sauti ya formasio: "Papa, mikate imechelewa juu ya nini?"

"Shefu, petreni ilisimama usiku."

Nikanyanyua kidole kimoja, bote baone. "Ilisimama juu ya nini?"

"Umeme ulikatika, shefu, na grupu, ile mashini ya kutoa umeme, ikakatala kuwaka."

Vidole viwili. Nasikia mama mumoja ku kilango anasema "ule anahesabu nini?" Nikanyanyua sauti kidogo. "Grupu ilikatala juu ya nini?"

"Mazutu, mafuta yake, hakuna. Bidoni zote mbili zimekauka."

Sasa apa, mutu mwenye akili angesikia harufu. Mi nilikuwa na vidole vitatu juu. "Mazutu iliisha juu ya nini?"

Papa akaniangalia. Akaangalia Mama Patro. Akapangusa mikono ku tabliye, polepole, sawa mutu mwenye kunawa mbele ya kusali. "Shefu, tuache apa."

"Papa, metodi inasema tano."

"Mutoto yangu." Njo vile alisema, ushefu ukaniishia pale pale. "Mutoto yangu, nasema tuache apa."

Musinicheke, nilizania anamuogopa Mama Patro! Nikamupa moyo! Nikasema, "Papa, mu ekipi yangu hakuna mutu ataazibiwa juu ya ukweli." Kontabli alikuwa nyuma, tayari ameweka telefoni vizuri, rafiki wa kweli.

Papa akanyamaza. Alafu ni santineri akajibu, ule kijana mupya wa ku kilango, mwenye anataka kila mutu ajue anatumikaka muzuri. "Shefu, mi niko nayo mu kaye!" Akakimbia. Akarudi na kaye. Akalamba kidole. Akafungua ukurasa, siyo yenyewe. Akalamba tena. Mi niko mu duara, vidole vine juu, sijui tena niviweke wapi. Akasoma na nguvu, bamama ba kilango bote basikie:

"Siku ya Posho, saa nane. Kwenye kutoka: grupu moja, bidoni mbili za mazutu. Kwenye kwenda: Katuba. Sababu..." akasogeza kaye ku macho, "sababu: reparasio. Mwenye alisinye: shefu wa produksio."

Shefu wa produksio ni mi.

Na Katuba hakukuwa reparasio. Ilikuwa dote, mahari, ya mudogo wangu, mulitoa malaiki ku mapicha, ile yenye taa za rangi.

Mudomo ikanitoroka: "Ilikuwa dote." Kimya. Ata bamama. Kiisha Mama Patro, sauti chini kabisa: "Dote gani? Ile yenye nilialikwa? Yenye nilitoa anvelope? Yenye nilicheza mpaka talo ya kiatu ikavunjika?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe nilikuwa nachezea mazutu yangu."

Kilango ikapasuka na kicheko. Mama mumoja akaikala chini, baseni ku kichwa. Mi nikataka kutoka polepole nyuma ya meza ya kukatia, mguu moja umesha kuvuka choki, Mama Patro akanyanyua kidole. "Rudia mu duara. Ule Mujapani wako alisema asitoke, hapana?" Nikarudia. Bakatafuta mazutu, bakakanda, bakapika, bakauzisha, mi nimesimama pale sawa sanamu ya poste, ekipi inanizunguka na mifuko, kila mwenye kupita anamwanga unga. Njo ile ya macho.

Mengine ni mafupi. Mazutu wanaikata ku mushahara wangu. Papa wa petreni aliniletea mukate moto mu ile duara, akauweka ku mukono yangu bila kusema kitu, na iyo iliniuma kupita yote. Kaye ya santineri sasa inafungwa mu kasha, funguo iko na Mama Patro. Mu soko ya Kenya niko naitwa Shefu Juuyanini, ata batoto ba inifomu.

Na jana mudogo wangu ananiandikia: "Yaya, ndoa ya ku komini ni mwezi unakuya, ile grupu bado iko?" Nimemubloke. Maman amenibembeleza nimufungulie, nimesema labda Siku ya Mungu.