Pleya ya muziki kazi yake kupiga muziki, mengine mbwembwe

Ukimuuliza mtu pleya gani nzuri ya muziki kwenye kompyuta atakutajia anayoitumia yeye, ukimbana kwa nini atakwambia iko poa tu. Haya, hajakosea, ila jibu hilo halikusaidii kitu kama muziki wako ni mchanganyiko wa kila aina. Mi naona kabla ya kuuliza pleya gani jiulize kwanza una mafaili gani, maana anayestrimu kila kitu hana shida hii kabisa, lakini wewe uliyekusanya miaka na miaka, una MP3 za enzi zile, una FLAC ulizotoa kwenye CD (hizo hazipotezi sauti yoyote), una M4A zilizotoka kwenye simu ya mtu, WMA ambazo hata hujui zilifikaje, na voisi noti za WhatsApp zenye opus mwishoni ambamo kuna mtu kaimba kitu hutaki kipotee, basi wewe ndo tuongee.

Tuanze na hili neno nyepesi, maana linatumika hovyo. Watu wanaangalia ukubwa wa faili la kuinstoli, wakiona megabaiti chache wanasema hii ndo yenyewe. Ukubwa huo haukwambii chochote cha maana. Mi naangalia pleya inafanya nini wakati haifanyi kitu, yaani umebonyeza pozi, umeiminimaizi, unaendelea na kazi zako nyingine, je inaendelea kula prosesa? Inaskani diski muda wote ikitafuta nyimbo mpya? Fungua task manager ujionee mwenyewe. Siku hizi kuna pleya nzuri kweli kwa macho, dirisha limepambwa, vivuli kila kona, kumbe chini yake imebeba brauza nzima ili tu ikuonyeshe kitufe cha kupiga na cha kusimamisha. Kwenye kompyuta mpya hutajali, lakini kwenye laptop ya ram gigabaiti 4 utajua hujui.

Na laibrari nazo. Pleya nyingi ukizifungua tu zinaomba ruhusa ya kupanga muziki wako wote, zinajenga databesi, zinachota picha za albamu, zinatengeneza vipicha vidogo vya kila kitu. Kama ndani ya kila faili kuna picha ya kava ya megabaiti mbili tatu (na zipo, watu wanabandika mapicha makubwa utadhani wanatengeneza bango) basi diski ya zamani ya kuzunguka itasaga mpaka uisikie. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, je naweza kuizima laibrari kabisa nikaburuta folda tu na ikacheza? Kama haikubali, kwangu imeshafeli, sijali skini yake inapendeza vipi.

Sasa fomati. Hapa ndo watu wanachanganya sana. Jina la mwisho la faili siyo lazima likwambie kilichomo ndani. M4A kwa mfano ni chombo tu cha kubebea sauti, ndani yake unaweza kukuta AAC, ambayo sehemu ya sauti imetupwa ili faili liwe dogo, kama MP3 inavyofanya, au ukakuta ALAC ya Apple, ambayo haijapoteza chochote. Pleya inaweza kuandika kwenye tovuti yake inacheza M4A na bado ikanyamaza ukiipa ya ALAC. OGG nayo hivyo hivyo, inaweza kuwa Vorbis, inaweza kuwa Opus, na Opus ni ya 2012 kwa hiyo pleya iliyokufa kabla ya hapo haiijui kabisa. Ndo maana sipendi zile orodha ndefu za fomati wanazoweka watu kwenye matangazo yao, ukihesabu unakuta nusu ni vyombo na nusu ni kodeki (njia za kukandamiza sauti yenyewe), vimechanganywa tu ili orodha ijae.

Dawa yake rahisi, tengeneza folda ya mateso. Weka humo faili moja moja la kila aina uliyonayo, hasa yale yanayosumbua: MP3 yenye bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) inayobadilika, FLAC moja kubwa ya albamu nzima inayokuja na faili la cue (maandishi yanayosema kila wimbo unaanzia wapi), APE kama unazo, WavPack, voisi noti, na albamu moja ambayo nyimbo zake zinaungana bila kukatika, kama rekodi ya shoo ya laivu. Pleya yoyote mpya ipeleke kwenye hiyo folda kwanza. Haichukui muda, na utajua mengi kuliko ukisoma maoni ya watu, haya yangu yakiwemo.

Hiyo albamu ya laivu nimeiweka kwa sababu. MP3 inahifadhi sauti kwa vipande, kila kipande sampuli 1152, na wimbo hauishi sawasawa mwisho wa kipande, kwa hiyo enkoda, yaani programu inayotengeneza MP3, inajazia ukimya mwishoni na pale mwanzo inaongeza kidogo pia. Ndo ule mkato unaousikia, watu wanashangilia halafu ghafla kimya cha kufumba na kufumbua halafu wanaendelea kushangilia, inakera sana! Enkoda ya LAME inaandika mwanzoni mwa faili ukimya umeongezwa kiasi gani, kwa hiyo pleya yenye akili inasoma pale na kuukata. Pleya isiyosoma inakupigia na ukimya wake. VLC ya mfululizo wa 3 kwa mfano naipenda, kwenye video sina mpinzani wake, na kwenye fomati hakuna kinachoishinda sana, lakini ikitoka wimbo huu kwenda ule inaacha pengo, ndo maana kwangu ni ya kufungulia faili lililogoma kwingine, siyo ya kusikilizia albamu.

Kitu kingine ambacho hakizungumzwi ni tagi, yaani jina la wimbo, msanii na kadhalika yaliyoandikwa ndani ya faili. MP3 za zamani zina tagi za ID3v1, baiti 128 zilizobandikwa mwisho wa faili, na jina la wimbo lina nafasi ya herufi 30 tu. Ndo maana una nyimbo ambazo majina yake yamekatwa katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Mara nyingi faili hilo hilo lina tagi mpya ya ID3v2 mwanzoni yenye jina zima, ila pleya mbovu inachukua ile fupi. Siwezi kusema ni tatizo kubwa la dunia, lakini ukiwa na nyimbo nyingi zenye majina yanayofanana mwanzo utalia.

Haya, sasa nitaje zangu. Kwenye Windows, foobar2000, na sijaona sababu ya kuhama. Ipo tangu 2002, aliyeitengeneza ni Peter Pawlowski ambaye aliwahi kufanya kazi na Nullsoft, wale wa Winamp, pleya maarufu ya zamani, na ukiifungua mara ya kwanza utadhani ni programu ya mhasibu, dirisha jeupe na mistari tu. Watu wengi wanaifuta hapo hapo. Wasiojua! Inacheza MP3, AAC, FLAC, Vorbis, Opus, WavPack, Musepack bila kuongeza kitu, na fomati za ajabu ajabu unaongeza kipande chake kidogo, kwa hiyo hubebi usichokitumia. Nyimbo zinaungana bila pengo. Kasoro yake ni moja na ni ya kweli, ukitaka iwe nzuri kwa macho utakaa na mipangilio mpaka usahau kusikiliza muziki wenyewe. Mimi nimeiacha nyeupe vile vile. Na siyo ya chanzo huria (kodi yake haiko wazi kwa kila mtu), ni ya bure tu, kama hilo ni jambo kwako basi ujue.

AIMP ni kwa asiyetaka sura ya mhasibu, iko tayari tangu unaifungua, inapendeza, ekwalaiza yake iko wazi, na haijawa nzito kama unavyoweza kudhania. XMPlay naitaja kwa heshima tu, ndogo mno, huhitaji hata kuiinstoli, na kama una zile moduli za MOD, XM, S3M na IT, muziki ambao ndani ya faili kuna vipande vya sauti na maelekezo ya jinsi ya kuvipiga, hiyo inazijua vizuri mno, ila kwa matumizi ya kila siku dirisha lake linachosha macho.

Kwenye Linux napendekeza DeaDBeeF, ina roho ile ile ya foobar2000, tabu za orodha juu, nyimbo chini, basi. Audacious nayo safi, inatoka kwenye ukoo wa XMMS, pleya ya zamani ya Linux, na ukimiss Winamp inakubali skini za Winamp 2 kabisa, mbwembwe hizo nazisamehe kwa sababu hazina uzito. Na kama wewe ni wa tamino, lile dirisha la kuandika amri, cmus. Hamna picha, hamna chochote, ni herufi tu, unatembea kwa kibodi, na kwenye mashine iliyochoka kabisa hiyo ndo inayokupa muziki wakati kila kitu kingine kinakwama.

Kuna wanaosema badala ya kuhangaika na pleya geuza kila kitu kiwe fomati moja, umalize. Hapana bana. Ukiigeuza MP3 kuwa FLAC unapata faili kubwa zaidi lenye sauti ile ile, kilichokatwa hakirudi. Ukiigeuza WMA kuwa MP3 unapunguza kilichopunguzwa. Acha mafaili kama yalivyo, tafuta pleya inayoyaelewa. Hata tatizo la wimbo huu kupiga kelele na ule kunong'ona halihitaji kugusa sauti, tumia ReplayGain, inapima kila wimbo na kuandika kwenye tagi ushushwe au upandishwe kiasi gani, sauti yenyewe haibadilishwi hata kidogo, na foobar2000, DeaDBeeF na Audacious zote zinaisoma.

La mwisho, ukiinstoli foobar2000 itakuuliza kama unataka ya kawaida au ya kubebeka. Chagua ya kubebeka, iweke kwenye folda moja na mipangilio yake yote, siku ukipiga Windows upya unakopi folda unaendelea ulipoishia.