Mpiga gita jukwaani, simu hewani: rekodi ni ya nani?

Kila mpiga gita anayekuja Lubumbashi katika ziara yake, awe wa rock au wa sebene, anaacha ubishi nyuma yake. Kabla hajafika Kasumbalesa kuvuka mpaka, rekodi zilizochukuliwa na watazamaji zimeshazagaa kwenye WhatsApp, kutoka Kamalondo hadi Ruashi. Wapo wanaosema huo ni wizi, kwa kuwa tiketi ni ya kusikiliza, si ruhusa ya kunakili. Wengine wanajibu kwamba bila rekodi hizo usiku ule ungepotea moja kwa moja. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila sababu yangu si ile inayotajwa na wengi wao, kwamba "kila mtu anafanya".

Wanaokataa wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Roma wa 1961 unamlinda msanii dhidi ya kurekodiwa jukwaani bila ridhaa yake, ingawa unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu matumizi ya mtu binafsi. Hapa Kongo tuna sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda watunzi na pia wale wanaoimba na kupiga vyombo. Lakini ukiongea na wapiga gita wenyewe, si sheria inayowauma. Jukwaa ndiyo sehemu yao ya kujaribu. Solo ambayo haijaiva, kidole kilichoteleza, wimbo mpya ambao bado haujapata mwisho, vyote hivyo vilikusudiwa kwa watu waliokuwepo, si kwa mtu atakayesikiliza sekunde thelathini akiwa kwenye taksi kisha atoe hukumu.

Mpiga gita Robert Fripp wa bendi ya King Crimson ameshikilia msimamo huu kwa miongo kadhaa. Katika ziara za bendi hiyo kuanzia 2014, watazamaji waliombwa waache kamera na simu zao. Ruhusa ya kupiga picha ilikuja mwishoni tu, pale mpiga besi Tony Levin alipoinua kamera yake mwenyewe. Mpiga gita mwingine, Jack White, mwaka 2018 alienda mbali zaidi: simu za watazamaji zilifungiwa kwenye vifuko maalumu hadi onyesho liishe. Ni rahisi kusema hayo ni maringo ya watu wenye majina. Lakini mtazame kijana anayepiga huku safu nzima ya mbele imemwelekezea simu. Anarudi kwenye mistari aliyoizoea, ile asiyoweza kuikosea, na sisi tunakosa kile ambacho angethubutu.

Kwenye suala la fedha, wanaokataa huwa wanapitiliza. Mwaka 2021 mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, ilimpa ushindi mpiga gita Eric Clapton dhidi ya mjane mmoja aliyeweka mtandaoni CD isiyo rasmi ya maonyesho yake, bei yake euro 9.95. Marehemu mumewe ndiye aliyeinunua, miaka ya 1980. Gharama za kesi zilifika kama euro 3,400. Watu walipokasirika, upande wa Clapton ukasema hautamdai mama yule fedha hizo. Kisheria Clapton alikuwa na haki, sibishi. Ila aliyechapa CD ile na kula faida hakuonekana kizimbani. Aliyefikishwa huko ni mjane aliyekuwa akiuza vitu vya nyumbani kwake.

Grateful Dead, bendi ya Marekani ya mpiga gita Jerry Garcia, waliona njia nyingine. Tangu Oktoba 1984 waliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini, nyuma ya meza ya sauti, pale sauti za vyombo vyote zinapochanganywa, kwa sharti moja: badilishaneni, msiuze. Mwaka 2005 palitokea mvutano uliochora mpaka vizuri zaidi. Bendi ilizuia watu kupakua rekodi zake kwenye hifadhi ya Internet Archive, mashabiki wakapiga kelele, na baada ya siku chache rekodi za watazamaji zikaruhusiwa tena kupakuliwa. Zile zilizotoka moja kwa moja kwenye meza ya sauti zikabaki za kusikiliza tu. Naukubali mpaka huo. Kilichopita kwenye nyaya za bendi ni mali ya bendi. Kilichosafiri hewani mpaka kwenye sikio la mtu aliyelipa kiingilio kina wenyewe wengi zaidi, maadamu hakigeuzwi biashara. Waliokigeuza biashara walipata jibu kwa mpiga gita Frank Zappa: mwaka 1991 alichukua rekodi zao zilezile za maonyesho yake, bila kuzisafisha, akazitoa rasmi kupitia kampuni ya Rhino, ili anayezitaka anunue kwa mwenyewe.

Sasa turudi kwetu, na tusidanganyane kuhusu ubora. Warekodi wa Marekani walikuja na maikrofoni mbili nzuri juu ya nguzo, wakachagua pa kusimama. Sisi tuna simu, na simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Inajirekebisha yenyewe. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, inashusha kila kitu, gita linazama, kisha linapanda polepole, ndipo ngoma inapiga tena. Besi haisikiki kabisa. Anayepiga mbinja pembeni anamshinda mwenye amplifaya. Halafu WhatsApp nayo inaibana ile sauti, na kinachomfikia mtu wa tano ni kelele ya nyuki. Anayeihukumu bendi kwa rekodi ya namna hiyo anaionea.

Hata hivyo rekodi ya mtazamaji, ikichukuliwa kwa uangalifu, ina kitu ambacho meza ya sauti haina, nacho ni ukumbi. Katika rock hilo si pambo. Ule mlio unaozunguka kati ya gita na spika mpaka unalia wenyewe unabadilika mpigaji akisogea hatua mbili, na kila ukumbi unaujibu kivyake. Waya wa meza ya sauti unaleta gita lakini hauleti ukuta ulioirudisha sauti wala watu walioitikia.

Hoja inayonivuta zaidi ni ya historia yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mgeni aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi kijana mpiga gita Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo. Kwa santuri ile ya "Masanga" dunia ilijua kwamba Katanga kuna vidole vya namna hiyo, na miaka ya 1960 mtaalamu wa muziki David Rycroft alikuwa ameshaiandika noti kwa noti ili wengine wajifunze. Mashine moja, mtu mmoja aliyeamua kusimama na kusikiliza. Lakini tazama na upande wa pili: hifadhi aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 iko Makhanda, Afrika Kusini. Sauti yetu iliokolewa na mgeni, ikakaa kwa mgeni. Bosco alifariki 1990, na usiku mwingi aliopiga mbele ya watu wa mji huu haukuacha kanda yoyote. Ng'ambo ya mpaka, Kopabeti ya Zambia, hadithi inafanana: bendi za zamrock, yaani rock ya Kizambia, za miaka ya 1970 kama WITCH tunazijua hasa kwa santuri za studio, si kwa maonyesho yao marefu.

Ndiyo maana sikubali kwamba kitendo hiki kina uzito uleule kila mahali. Clapton akirekodiwa kwa siri, dunia inapata nakala ya ziada ya mtu ambaye kampuni zimeshamhifadhi kwa miaka sitini. Bendi ya rock ya Katuba inayokodi jenereta ili ipige Jumamosi haina kampuni. Rekodi ya mtazamaji ndiyo pekee itakayobaki, na wapiga gita wetu wana sababu kubwa ya kusema ndiyo kuliko Fripp. Lakini waulizwe. Na anayerekodi awajibike: arekodi wimbo mzima, asimame karibu na meza ya sauti, aandike tarehe, ukumbi na majina ya wote waliopiga hadi mpiga besi, kisha nakala ya kwanza aipeleke kwa bendi kabla ya kuituma popote. Faili isiyo na jina inamwibia mwanamuziki kuliko faili iliyosambazwa bure.

Na mpiga gita akikataa? Basi isisambazwe, hata kama ni usiku bora wa maisha yake. Wapo wanaotaka ifutwe hapohapo mbele yake, na hapo ndipo ninapoachana nao. Mwanamuziki anayeona aibu leo kwa solo iliyoteleza anaweza kuitafuta solo hiyohiyo baada ya miaka ishirini, au wanawe wakaitafuta. Aliyerekodi aitunze bila kumpa mtu, na mwenye muziki ajue iko kwa nani.